Mwandishi wa Ghalani na Yeye Wake

Mwaka ule ulikuwa wa michembe. Mahindi yaligoma shambani, mchele tukawa tunautazama tu kwenye magunia ya watu, na wale wa mjini waliozoea wali kila mchana wakarudi kutafuna viazi vikavu kama bibi zao, halafu wakajifanya wanavipenda. Nilichemsha michembe na karanga mpaka nguo zangu za kanisani zikanuka viazi. Ukiniuliza ni mwaka gani kwa namba utanichosha bure. Mimi miaka naijua kwa kilichokuwa sufuriani, na huo wa michembe ndio Mwandishi alioingia nao ghalani.

Jina lake sitaji. Liko juu ya kitabu chake, kwa herufi kubwa, kasome mwenyewe. Wala sijui alizaliwa wapi na babu yake alitoka wapi. Sikumwuliza. Waliomwuliza habari za ukoo aliwajibu, "Kwani unaniposa?" na mazungumzo yakaishia hapo. Sisi tulimwita Mwandishi, kama unavyomwita mtu Fundi, naye aliitika.

Ghala lenyewe liko Kirumba, chini ya mlima wa mawe, ziwa liko nyuma ya ukuta. Zamani lilikuwa la pamba. Pamba ilipoondoka wakaingia wasanii: wachoraji, wachongaji, wapiga ngoma, waimbaji wenye sauti na wasio nayo. Mimi nilikuwa mlangoni na mafiga yangu, maana msanii asipokula anachora vitu vya kutisha. Shule yangu iliishia darasa la nne. Kusoma najua, kuandika ndio huku.

Siku ya kwanza alikuja moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria yangu bila ruhusa, akanusa, akasema, "Shoga yangu, humu umetia chumvi kweli?"

Nilishika mwiko.

Hapa kwetu neno hilo wanaume wanatupiana wakitaka kutoana meno. Mwanamke kuitwa hivyo, tena mbele ya wateja, sikuwahi kusikia. Bodaboda waliokuwa wanakula walitugeukia wote, mmoja akaacha tonge hewani.

"Umeniita nani?" nikamwuliza.

"Shoga."

"Rudia."

"Shoga yangu! Rafiki yangu wa kike. Kwetu pwani mwanamke akikuita hivyo ujue amekupenda."

"Hapa Mwanza akikuita hivyo ujue anatafuta mahali pa kulala, na ni wodini."

Alicheka mpaka akaketi chini kwenye majivu, na sketi yake nyeupe. Kisha akala sahani mbili za michembe ile isiyo na chumvi. Tangu siku hiyo hakuniita kingine. Mimi nikaizoea mpaka nikaanza kuwaita hivyo wenzangu wa mwaloni, pale tunaponunua samaki, wakaniinulia ndoo.

Sura yake haikuwa ya kugeuza shingo za watu, nasema ukweli. Miguu myembamba, mgongo umepinda mapema, sauti nene kama ya mnadani Magu siku ya ng'ombe. Lakini akiingia mahali watu walisogea. Alikuwa chotara, na ngozi yake ilimpa kazi. Akienda kwenye maduka ya vitambaa mjini, mwenye duka alimfuata nyuma nyuma akimtazama mikono, kwa sababu alimwona Mwafrika. Akishuka mwaloni, akina mama walimpandishia bei ya sangara, kwa sababu walimwona Mhindi. "Shoga," aliniambia siku moja akitua kikapu, "nimetoka dukani mpaka mwaloni, nimebadilishwa kabila mara mbili na jua bado halijafika utosini." Alisema hivyo kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nilipomwambia pole alinikatiza. "Usinionee huruma. Nionee wivu. Wewe una kabila moja tu, utaandika nini?"

Huo ndio ulikuwa msemo wake, "Usinionee huruma, nionee wivu." Alimwambia daktari wa macho, alimwambia polisi wa barabarani, alimwambia hata padri.

Alikuwa na tabia zake. Aliandika akitembea. Alizunguka ghala zima akisema maneno kwa sauti, akifika mahali pazuri anasimama, anaandika akiegemeza karatasi kwenye chochote kilicho karibu, ukuta, ngoma, mara nyingine mgongo wa mtu. Mimi mgongo wangu umeandikiwa sana. Chai ikipoa kidogo aliimwaga, lakini maharage yaliyolala aliyagombania. Kitabu chake kilisema watu wasiogope kitu, na yeye mwenyewe aliogopa ziwa kuliko mtoto. Tukivuka na kivuko cha Kigongo kwenda Busisi, alifumba macho tangu kamba inafunguliwa mpaka tunagusa ng'ambo, amenishika kanga, na mdomo haunyamazi: "Tumefika? Shoga, tumefika? Mbona hatufiki?" Abiria walicheka. Nikamwambia, "We mtu, umeandika ziwa karatasi na karatasi, umelipamba kama bibi harusi." Akajibu macho yamefumba, "Nimeliandika ili lisinifuate nyumbani."

Alihubiri ukweli na umri wake alidanganya. Aligombana na wakubwa bila kupunguza sauti, ila nikichinja kuku alikimbilia nyuma ya ghala kulia, kisha anarudi kula paja. Ugali hakujua kusonga. Alisonga mara moja, tukautumia kuziba dirisha.

Sasa nimseme Mchoraji.

Mchoraji alikuwa Mkerewe, mrefu, mweusi wa kung'aa, mpole mpaka unamsahau kama yupo. Alivaa mashati makubwa ya kiume yaliyojaa rangi kazini, na jioni alijifunga kanga. Yeye na Mwandishi waliingia ghalani wiki moja, kila mtu na mzigo wake, na mvua ilipoanza kunyesha walikuwa na mzigo mmoja. Walikuwa wapenzi. Nimeandika. Mjukuu wangu Kabula alipochungulia hapa akaniuliza, "Bibi, unaandika hivyo hivyo?" Nikamwambia, nimewapikia hawa miaka yote, macho yangu hayakuwa na moshi kila siku. Najua mwanamke anavyomtolea miiba ya samaki mtu anayempenda. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunitolea hata mmoja.

Mchoraji alihangaika sana kupata rangi ya ngozi ya Mwandishi kwenye picha. Alichanganya, akafuta, akachanganya. Mara awe Mzungu aliyeungua, mara awe tofali. Nikapita na kikaango, nikatazama, nikasema, "Hiyo ni rangi ya chapati upande wa kwanza, kabla hujaigeuza." Mchoraji akageuka akanitazama kama nimemfungulia mlango. Na Mwandishi, mgongoni kwangu, keshaanza kuandika. Maneno hayo yamo kitabuni. Ni yangu.

Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ndefu ya mji na wasanii wake. Humo yumo mwanamke wa rangi ya chapati anayeandika, na mwanamke mweusi anayechora, wanapendana. Yumo mpiga ngoma, mtoto wa duka la Kihindi, aliyempenda binti wa Kisukuma na baba yake akatangaza kwamba hana mtoto. Yumo mama mpika chakula, mnene, mwenye mdomo. Sijui alimtoa wapi. Mwandishi alikiandika kitabu hicho tangu mwaka wa michembe, ukaja mwaka wa furu wengi, wale samaki wadogo wa ziwani, ukaja mwaka sukari ilipopotea tukanywa chai na mihogo, naye bado anaandika. Macho yake yakaanza ukungu. Alikuwa akisema, "Hiki kikitoka nikakigusa, hata nikipofuka shauri yake." Vitabu vingine alikuwa navyo kichwani, lakini macho ya kuviandika hakuwa nayo. Kilikuwa hicho au hakuna.

Wakati huo walikuwa wamepanga chumba juu ya mawe, Mabatini, ile sehemu ambayo kwenda kwako unapanda kama mbuzi. Maneno ya majirani yakapanda pia. Siku moja mwenye nyumba akashuka mpaka ghalani, mchana, mimi napakua.

"Shikamoo mama," akamwambia Mwandishi.

"Marahaba. Karibu chakula."

"Nimeshiba. Mama, mimi sina neno na wewe. Wewe ni mtu mzima, una heshima zako, mpangaji mzuri. Endelea kukaa. Ila huyu mwenzio atafute pengine. Watu wanasema."

Mchoraji alikuwa bombani anaosha brashi. Hakugeuka, ila maji aliyaacha yakitiririka tu. Mwandishi akamaliza kutafuna kilichokuwa mdomoni, akajifuta mkono, akasema, "Sitoi mtu. Tumeingia wote, tutatoka wote."

Na walitoka kweli. Hawakutoka kwa kujificha. Tulikwenda ghala zima kuwahamisha, Jumapili watu wote wapo nyumbani. Kitanda kikashuka kwenye mawe vichwani mwa wachongaji, godoro nyuma yake, picha za Mchoraji kila mtu na yake, mimi na sufuria, na mpiga ngoma mbele anapiga kwa nguvu zake zote. Majirani kuona kitanda na ngoma na wanawake wamejipanga, wakadhani ni harusi. Vigelegele vikaanza juu kabisa ya mlima vikashuka na sisi nyumba kwa nyumba. Wengine wakaturushia mchele, mwaka ule ulikuwepo. Walipokuja kuuliza nani anaoa, sisi tulishafika barabarani. Mwandishi alipungia mkono kulia na kushoto, na mwenye nyumba amesimama mlangoni, kinywa wazi, naye anapiga makofi kwa sababu kila mtu anapiga.

Wakahamia Buhongwa, nyumba ya tofali na uwanja. Huko ndiko kitabu kilikomalizika.

Kisha akaja bwana wa Dar.

Alikuwa mchapishaji wa vitabu. Mwandishi alishatuma karatasi zake kwa wengi, wengine hawakujibu, wengine walijibu kwa adabu kama watu wanaofukuza mgeni. Huyu alipanda ndege akaja. Nilimchagulia sato mkubwa, nikamkaanga mpaka mapezi yakalia. Mwandishi alivaa gauni lake la bluu. Mchoraji alikaa pembeni kwenye kopo, mikono mapajani, kama mtoto wa shule anayesubiri jina lake lisomwe.

Bwana yule alikula vizuri na kusifu vizuri. Alisema kitabu kimemliza. Alisema hajaona Kiswahili kama kile. Kisha akashusha sauti.

"Kuna kitu kidogo tu, mama yangu. Huyu wa pili. Huyu mchoraji wa kwenye hadithi."

"Ana nini?"

"Wasomaji wetu, shule, wazazi... unajua. Lakini nimefikiri, nikaona lugha yetu yenyewe inatusaidia! Kiswahili hakina taabu. 'Alimpenda' ni 'alimpenda'. 'Yeye' ni yeye, awe mume awe mke. Kitabu kizima hakibadiliki. Mpe jina la kiume tu, na pale penye kanga weka shati. Kazi ya asubuhi moja."

Nakwambia, hata mimi nilishangaa. Kumbe kweli. Nilipitisha hadithi yote kichwani, nikaona anasema sawa. Ungebadilisha jina na nguo, na hakuna sentensi nyingine ambayo ingelia.

Mwandishi akamwuliza, "Na ndevu?"

"Ukipenda."

"Na yule mwanamke aliyekuwa amesimama hapo, aende wapi?"

"Ah, huyo anatoka tu, mama."

Kabla Mwandishi hajajibu, Mchoraji akasema. Mtu ambaye tulikuwa tunaweza kumaliza wiki bila kusikia sauti yake. Alisema polepole, "Nivishe tu shati. Mashati ninayo mengi. Macho yako yanakwisha. Kitoke."

Hapo ndipo nilipomwona Mwandishi ameogopa nchi kavu, kwa mara ya pekee. Alimgeukia, akamwambia, "Nikikuvisha shati, nikipofuka nitakuwa namkumbuka nani?"

Kisha akamgeukia bwana wa Dar na sauti yake ya mnadani ikarudi. "Sitoi mtu. Tumeingia wote, tutatoka wote."

Bwana akaondoka na mkoba wake. Samaki aliacha nusu, upande wa mgongo, nyama yote. Mimi nilikasirika kwa ajili ya kitabu, na nilikasirika kwa ajili ya samaki.

Wiki iliyofuata Mwandishi hakuja ghalani. Mchoraji alikuja peke yake, akapaka ukuta mzima rangi nyeusi, akaondoka. Nikasema basi, imeisha. Nikapanda basi mpaka Buhongwa, nikamkuta amelala na viatu.

"Amka," nikamwambia. "Wewe kitabu unakitafutia Dar. Mimi nina mabenchi, na kila Jumamosi yana watu. Njoo usome."

"Watu wako wanakuja kula."

"Na masikio wanayaacha nyumbani?"

Akaja. Jumamosi ya kwanza alisoma mbele ya bodaboda na akina mama wa mwaloni waliokuwa wanapumzika. Walisikiliza kwa sababu walikuwa wanatafuna. Jumamosi ya pili walirudi kabla ya njaa. Ya tatu ilibidi wachongaji watengeneze mabenchi mengine. Alipokuwa haoni vizuri, Mchoraji alisimama nyuma yake akimnong'oneza mstari, naye anautoa kwa sauti nene. Ukawa unasikia kitabu kwa vinywa viwili.

Siku aliyosoma ile sura ya kivuko, sitaisahau. Kwenye hadithi wale wawili wanaachana Kigongo, mmoja anavuka kwenda Busisi, mwingine anabaki na kikapu cha karanga alichosahau kumpa. Sasa Mwandishi, kwa makusudi yake, hakutaja jina hata mara moja. Alisoma yeye, yeye, yeye tu. "Yeye akawa mdogo kama kitone. Naye huku akatia mkono kikapuni, akala karanga za safari isiyo yake." Masanja wa bodaboda, mtu mwenye kovu la shavu na matusi ya kila aina, alivua kofia ya pikipiki akajifuta uso kwa shati. Mama wa Kwaya, jirani yangu, anayejua dhambi ya kila mtu kwa jina, alikuwa analia mpaka miwani imeshuka puani.

Masanja akainua mkono. "Mwandishi, samahani. Huyu yeye aliyevuka, ni mwanamume au mwanamke?"

Mchoraji akarudi nyuma hatua.

"Masanja, baba," Mwandishi akamwuliza kwa upole, "wewe umemlilia nani?"

"Nimemlilia... yeye."

"Basi ni yeye. Ni mwanamke. Na aliyebaki ni mwanamke."

Mama wa Kwaya akasimama, akajifunga kanga kwa nguvu, akatoka bila kuaga. Wanaume wengine wakaguna, mmoja akasema aisee, haya mambo siyo yetu. Wote wakamtazama Masanja, maana ndiye aliyeuliza. Akakaa, akaizungusha ile kofia mikononi.

"Nimeshalia," akasema. "Machozi siwezi kuyarudisha. Soma, Mwandishi."

Wengine hawakurudi, sitadanganya. Kuna aliyekuja akaandika tusi kwa mkaa kwenye geti letu. Mchoraji hakulifuta. Alichora sangara mkubwa juu yake, kila herufi ikawa gamba, na mpaka leo watoto wakipita wanagusa samaki wanaendelea na safari yao. Lakini Jumamosi iliyofuata nilimwona Mama wa Kwaya nje ya ukuta, amesimama na dumu. Nikamwambia, "Karibu ndani." Akasema, "Nimekuja kuchota maji tu." Bomba letu halikuwa na maji siku hiyo. Alichota mpaka sura ikaisha.

Na nyuma kabisa, juu ya pikipiki yake, alikuwa anakaa mzee mmoja mkimya mwenye mashine ya kuchapa kadi za harusi. Kitabu kilipomalizika kusomwa alishuka, akamwendea Mwandishi. "Mimi nitakichapa," akasema. "Kama kilivyo. Ila karatasi ngumu za jalada ninazo za kadi tu, zilizobaki." Mwandishi akasema hata ukikifunga kwa gunia.

Vilipokuja vitabu vya kwanza, bado vina harufu ya wino, nilikuwa napepeta mchele. Mwandishi alikishika, akakinusa, akakipitisha shavuni. Jalada lilikuwa jeupe, na ukilielekeza kwenye mwanga unaona maua ya dhahabu, na katikati pete mbili zimeshikana, zimebonyezwa kwenye karatasi. Mzee wa kadi hakuwa amefikiria kitu. Alitumia alichonacho. Mchoraji peke yake ndiye aliyepitisha kidole juu ya zile pete, taratibu, akazunguka ya kwanza, akazunguka ya pili. Akakaa chini. Na Mwandishi, ambaye ukungu ulimzuia kuona, alishika kile kidole akaonyeshwa.

Vikaisha. Vikachapwa vingine, vikaisha. Vilipanda mabasi pale Nyegezi vikaenda Bukoba, vikaenda Tabora, vikaenda Dar kwenyewe. Kabula, ambaye ni wa kwanza katika ukoo wetu kukanyaga chuo, alinipigia simu siku moja anapiga kelele. "Bibi! Leo darasani mwalimu amesoma ile rangi ya chapati! Nimesimama nimesema ni ya bibi yangu!" Nilizima jiko. Nilitembea mwaloni kutoka mwanzo hadi mwisho nikiwasalimia watu ambao hata sikuwa na shida nao.

Bwana wa Dar alirudi, naam. Alikuja na karatasi za kukichapa upya kwa nchi nzima, na wote wamo, na kanga ipo. Nilimkaangia sato mwingine. Nilisimama juu ya kichwa chake mpaka akamaliza upande wa mgongo.

Baada ya hapo walihamia ng'ambo, shamba dogo juu ya Busisi, na mimi miguu ikanizuia. Ikapita miaka bila kumwona. Mara ya mwisho nilimwona ni juzi tu, mwaka huu wa maharage mengi. Kitabu kilipewa tuzo, sherehe ikawa ukumbini mjini, na gari likatumwa kunichukua, mimi, na Masanja, ambaye sasa ana mvi, na mzee wa kadi, na Mama wa Kwaya. Mama wa Kwaya alivaa joho la kwaya. Alisema ndiyo nguo yake ya heshima.

Mwandishi alikuja kwa fimbo, mkono mwingine kwa Mchoraji. Alikuwa amekwisha kuwa mdogo, kama nguo iliyofuliwa sana. "Shikamoo," akamwambia Kabula, aliyekuwa amenisindikiza, alipomgusa akadhani ni mimi.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikamjibu mimi kutoka pembeni.

"Shoga!" Ukumbi mzima uligeuka. "Shoga yangu! Nimevuka lile daraja la Busisi macho wazi!"

"Unaona nini na hayo macho?"

"Sioni kitu. Lakini yalikuwa wazi!"

Tukacheka mpaka mgeni rasmi akatusubiri. Alipewa tuzo yake, kioo kizito, akampa Mchoraji amshikie. Watu wakasimama, makofi yakapigwa kama mvua ya bati, na Masanja akapiga mluzi wa bodaboda ambao haukufaa ukumbini kabisa. Sote tukapanda jukwaani, sijui nani alisema tupande. Mimi nilikuwa na kitenge changu kipya, nanukia vitunguu, sijali.

Ndipo akaja kijana wa sherehe, ana tai na adabu, na mpiga picha nyuma yake. Akainama sikioni kwa Mwandishi, lakini alikuwa karibu na kipaza sauti, tukasikia wote hadi mlangoni.

"Mama Mwandishi, tunaomba hawa wengine watoke kidogo. Tupate picha safi, wewe na mgeni rasmi tu. Ya gazeti."

Mama wa Kwaya akaanza kukusanya joho lake. Mchoraji, kama zamani, akaanza kuutoa mkono wake taratibu. Mwandishi akaukamata. Akainua uso kuelekea mahali aliposikia kamera, shingo ndefu, hana haraka, na kwa sauti ile ile ya mnadani akasema:

"Sitoi mtu. Tumeingia wote, tutatoka wote."